Filta ya mashine ya nyasi inamwaga oili hata baada ya kukausha injini: nifanyeje?

«Mtaalamu, habari za kazi. Natunza bustani ya hoteli ndogo hapa Bagamoyo, upande wa baharini. Tunayo mashine ya kukata nyasi ya kukalia, injini silinda mbili, filta ya oili imelala ubavuni juu ya fremu. Kila nikibadili oili ni balaa. Namwaga oili yote mpaka inakata, lakini nikifungua filta inachuruzika nyingine, inapita kwenye fremu, inaingia kwenye mkanda na kwenye bati la visu. Mara ya mwisho nilipowasha ikatoa moshi mweupe, wageni wakadhani inaungua, na zege la pale ninapoegesha lina doa mpaka leo. Fundi wa pikipiki jirani ananiambia niachane na filta, nibadili oili tu, au niwe naongeza tu inapopungua. Mwingine anasema injini lazima iwe ya moto sana. Nifanyeje nisichafue? Na oili ya pikipiki inafaa?»

Ndugu yangu, pole na kazi. Unamwaga oili kwanza ndipo unafungua filta, na bado unachafua. Mpangilio wako ni sahihi. Kinachokuangusha ni dhana kwamba tumbo la injini likikauka, filta nayo imekauka. Haikauki, na haikutengenezwa ikauke.

Itazame filta mpya kabla hujaifunga. Kwenye uso wake kuna tundu kubwa la katikati lenye nyuzi, na kulizunguka kuna vitundu vidogo. Oili inayosukumwa na pampu inaingia kwa vile vidogo, inapenya karatasi, inatoka kwa tundu la katikati kuelekea kwenye beringi. Chungulia ndani ya vitundu vidogo utaona mpira laini umeziba nyuma yake. Oili ikisukuma, mpira unainama na kupisha. Injini ikizimwa, mpira unarudi na kuziba ili oili isirudi chini. Bila mpira huo, kila asubuhi injini ingezunguka sekunde kadhaa bila oili kwenye beringi, ikisubiri filta ijae upya. Kwa hiyo unapofungua chini na oili kukata, filta bado imeshika ya kwake, na kwenye injini za silinda mbili za aina yako hiyo ni kama robo hadi theluthi ya lita. Ndiyo iliyochora doa kwenye zege.

Kuna jambo la pili. Oili ikitoka kwenye ukingo wa filta iliyolala haidondoki wima. Inashika chuma na kutambaa nacho: inashuka ukutani mwa injini, inafika kwenye fremu, inafuata fremu hadi kwenye bolti au kona, na kudondokea hapo, pengine shibiri mbili mbali na pale ulipoweka beseni. Ndiyo maana beseni kubwa chini ya filta halikusaidii. Unachohitaji ni mfereji uliobanwa kwenye ukuta wa injini, chini kabisa ya ukingo wa filta, unaoipokea oili kabla haijagusa fremu. Nitaueleza mbele.

Sasa hao mafundi wako. Wa pikipiki hakudanganyi kwa makusudi. Anasema kutokana na anachokiona kila siku. Pikipiki nyingi za bodaboda zina chekecheke la waya tu, halina cha kubadili, unaliosha unarudisha. Mashine yako ina filta ya karatasi, na karatasi ikijaa uchafu, vali ndogo ya dharura inafunguka na kupitisha oili bila kuchujwa, kwa sababu beringi kupata oili chafu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Hutasikia mlio wala hutaona taa. Injini itaendelea kukata nyasi huku masizi na chembe za chuma zikipita kwenye beringi za krenki.

Ila ana ukweli nusu: si lazima filta ibadilike kila oili inapobadilika. Briggs & Stratton, watengenezaji wa injini, kwa injini nyingi za namna hii wanataka oili kila saa 50 za kazi na filta kila saa 100, ikiwa na maana filta moja kwa oili mbili. Kawasaki wanaenda mbali zaidi: oili kila saa 100, filta kila saa 200. Angalia kitabu cha injini yako, maana mara nyingi mtengenezaji wa mashine na mtengenezaji wa injini ni kampuni mbili tofauti, na kwa oili anayefuatwa ni wa injini. Kuongeza tu bila kumwaga ndiko nisikokubali. Injini hii inapozwa kwa hewa, haina maji, hivyo oili inabeba sehemu kubwa ya joto. Petroli kidogo inapenya pembeni ya ringi za pistoni na kuchanganyika nayo, masizi yanabaki ndani, unyevu unazalisha asidi. Ukiongeza nusu lita safi juu ya lita moja na nusu iliyochoka, unapata lita mbili zilizochoka.

Hapa pwani naomba uhesabu saa, usihesabu miezi. Ushauri wa «mara moja kwa mwaka» umeandikwa kwa nchi ambazo nyasi hulala miezi yote ya baridi. Bagamoyo masika yakikolea, kuanzia Machi hadi Mei, bustani ya hoteli inakatwa mara mbili kwa wiki. Ukikata kwa saa nne kila mara, hizo ni saa nane kwa wiki, na saa 50 zinatimia ndani ya wiki ya saba. Ongeza vumbi la mchanga na hewa ya chumvi. Kama mashine haina mita ya saa, funga daftari kwa kamba chini ya kiti uandike kila ukimaliza kukata.

Kuhusu injini kuwa ya moto sana: hapana, iwe vuguvugu. Kinachotafutwa ni oili iliyotoka kuzunguka, ili masizi na chembe zitoke nayo badala ya kulala chini ya tumbo la injini. Kwenye nchi za baridi joto linahitajika pia ili oili iwe nyepesi na itiririke, lakini kwako oili iliyoshinda kivulini tayari ni nyepesi vya kutosha. Washa injini dakika tano, zima, subiri kama robo saa. Kama umetoka kukata nyasi, subiri nusu saa, kwani ekzosi ya silinda mbili mara nyingi iko jirani na filta na inaunguza vibaya hata baada ya oili kupoa. Gusa filta kwa kidole: ukiweza kuishika na kuhesabu kumi bila kuachia, anza.

Chagua asubuhi mapema, mahali palipokingwa na upepo. Oili inayokaribia kukata hutoka kama uzi mwembamba, na kusi likivuma kutoka baharini uzi huo unapeperuka hadi kwenye gurudumu na suruali. Upepo huohuo unaleta mchanga kwenye tundu la oili ulilolifungua.

Vitu vya kuandaa vingi utavipata hapohapo hotelini. Tafuta dumu la plastiki la lita tano lililokuwa na oili au mafuta ya kupikia. Lilaze, kata dirisha kwenye ubavu wake mpana wa juu, uache kuta ndefu pande zote na kifuniko kikiwa kimefungwa. Hilo ni beseni lako, pana na fupi, linaingia chini ya mashine, na ukimaliza unalisimamisha na kumimina kwa mdomo wake bila kumwaga tone. Tafuta pia mpira unaoonesha ndani, ule wa waashi wa kupimia levo, kama nusu mita. Chukua foili ya jikoni kwa ajili ya mfereji, maboksi mawili ya kutandika, matambara, glavu za mpira, na ndoo ya maranda kutoka kwa fundi seremala. Maranda makavu yananyonya oili kuliko mchanga, na yanafagilika. Mwisho, chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikatwe kiuno ubaki na kitako chenye kina cha shibiri moja. Wengine hushauri kuvisha filta mfuko wa rambo. Hiyo mifuko ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ilipokuwepo ilikuwa inayeyuka ikigusa ekzosi. Kitako cha chupa kinafanya kazi nzuri zaidi kwa sababu kinasimama chenyewe.

Egesha sehemu tambarare, kaza breki, zima swichi ya visu, toa funguo na uchomoe waya za plagi zote mbili. Usiinue mashine kwa jeki na kuingia chini yake. Kwa kazi hii huna sababu ya kuwa chini. Kinachosaidia ni kupandisha magurudumu ya upande ulio mbali na tundu la kumwagia juu ya ubao wa unene wa inchi mbili, ili oili yote iegemee kwenye tundu. Kabla ya kufungua chochote, chukua brashi kavu usafishe kuzunguka dipstiki (kijiti cha kupimia oili), tundu la chini na shina la filta. Majani makavu na vumbi ukiyaacha hapo yataingia ndani ya injini, na yaliyolowa oili yatashika moto kirahisi karibu na ekzosi. Usitumie maji ya presha.

Tundu la kumwagia huwa la namna tatu. Wengine wana mpira mfupi mweusi wenye kifuniko, unaushusha na kufungua. Wengine wana vali ndogo ya plastiki, mara nyingi ya manjano au nyeusi: unaivisha ule mpira wa levo, unasukuma ndani kidogo, unazungusha robo kinyume cha saa, kisha unaivuta nje. Hao wawili hawana shida. Tatizo ni wa tatu, bolti tupu ubavuni mwa injini, kwani oili inaruka mbele kwa nguvu ya uzito wake, halafu inapopungua inarudi na kulamba ukuta. Kwa huyo tengeneza mfereji wa foili iliyokunjwa mara nne, ubane chini ya bolti, na usogeze dumu kadiri mruko unavyofupika. Legeza dipstiki kwanza ili hewa iingie. Ukiiacha imekazwa, oili inatoka kwa kukohoa na kurusha matone.

Kisha subiri. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Oili ikikata kuwa matone, bado kuna nyingine inateremka polepole kutoka kwenye kuta, krenki na vichwa vya silinda. Nenda ukanywe chai, urudi baada ya dakika ishirini. Funga tundu la chini kabla ya kugusa filta, usije ukalisahau na kumimina oili mpya moja kwa moja kwenye zege. Hilo hutokea zaidi ya unavyodhani.

Sasa filta. Chukua foili, ikunje mara nne iwe ngumu kama bati jepesi, ipinde iwe mfereji wa upana wa kiganja. Ingiza ncha moja kati ya fremu na injini, chini ya pale ukingo wa filta unapogusa injini, uisukume hadi iguse chuma na uibonyeze kwa kidole ishike umbo la ukuta. Ncha ya pili ielekeze nje, ndani ya dumu. Fremu iliyo chini funika kwa tambara, na mkanda kama unauona ufunike kwa kipande cha boksi. Weka kitako cha chupa tayari mkono wa pili.

Legeza filta kidogo tu. Ikigoma, ifunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili mkono ushike, au tumia spana ya filta ya mkanda. Usipigilie bisibisi kuitoboa. Bati lake ni jembamba, linachanika, oili inatoka pande mbili na filta inabaki imeganda palepale. Ikianza kuzunguka, ipe robo mzunguko, na oili ikianza kuonekana kwenye ukingo wa chini, simama. Usiendelee kuzungusha. Gasketi imeachia kidogo chini, hewa inaingia juu, na oili itatoka taratibu ikifuata foili hadi kwenye dumu. Ngoja dakika tano au zaidi hadi ikate. Ukitaka kuharakisha, ongeza robo nyingine na usimame tena. Kilichokuwa kinakumwagia ni kuifungua yote kwa mara moja na kuiacha itapike ile robo lita ndani ya sekunde mbili.

Ikikata, sukuma kitako cha chupa kiifunike filta kutoka mbele na kuipokea kwa chini, izungushe hadi itoke, uigeuze papo hapo uso wake ukiwa juu, na ushushe vyote pamoja. Tone au mbili zitaangukia foili. Toa foili kwa kuikunja kwa ndani.

Usifunge filta mpya kabla ya kuangalia gasketi ya zamani. Pete ile ya mpira hubaki imenata kwenye injini bila kuonekana, kwa kuwa nayo ni nyeusi na imelowa. Ukifunga filta mpya juu yake, gasketi mbili zinateleza zikipata presha, na oili yote inamwagika chini ndani ya muda mfupi injini ikiwa inafanya kazi. Pitisha kidole, futa uso wote uwe mkavu, hakikisha pete iko kwenye filta uliyoitoa. Gasketi mpya ipake oili safi kwa kidole. Zungusha kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko. Inatosha. Ukiikaza kwa spana, wewe mwenyewe ndiye utakayehangaika nayo baada ya saa 100.

Unaponunua filta, nenda na namba za injini, siyo jina la mashine. Zimechapwa kwenye kava la injini; kwa Briggs & Stratton ni makundi matatu ya tarakimu, izipige picha. Ukiagiza Kariakoo, mtumie muuzaji picha hiyo pamoja na ya filta ya zamani. Usikubali filta ya gari kwa sababu tu nyuzi zimelingana. Vali ya dharura ya filta inafunguka kwa presha aliyoipanga mtengenezaji, na pampu ya injini ndogo haina presha ya gari. Tena filta ya gari inaweza kukosa ule mpira wa kuzuia oili kurudi, na hutajua hadi injini ianze kugonga kila unapowasha asubuhi.

Kuhusu oili yenyewe, kwa joto la Bagamoyo chaguo rahisi ni SAE 30 (namba hiyo ni ya unene), inayofaa kuanzia nyuzi 4 za Selsiasi kwenda juu. Daraja la API, yaani la ubora, liwe SF au la juu zaidi, kama SG, SH au SJ. Oili ya 10W-30 inakubalika kwenye vitabu vingi, ila Briggs & Stratton wanatahadharisha kuwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 27 inaweza kupungua haraka, nawe una nyuzi 27 karibu kila siku ya mwaka; ukiitumia, pima kila kabla ya kukata. Oili ya pikipiki ya injini za mipigo minne haitaua injini yako, maana viungo vyake maalumu vinahusu klachi inayozama kwenye oili, na mashine hii haina klachi hiyo ndani ya injini. Kinachoamua ni unene na daraja: dumu likiwa na namba isiyo kwenye kitabu chako, usilifanye mazoea. Ile ya kuchanganya na petroli, ya injini za mipigo miwili, isiingie kabisa. Wala oili ya injini isiingie kwenye kitenki cha giaboksi ya nyuma, ambayo kwenye mashine nyingi ni ya kusukumwa kwa oili na ina oili yake tofauti. Matenki hayo mawili yakikaribiana, funga utepe mwekundu kwenye la giaboksi.

Injini za silinda moja zenye filta huchukua karibu lita 1.4, na za silinda mbili lita 1.8 hadi 2.1 ukibadili na filta. Hivyo nunua lita mbili na akiba kidogo, lakini usimimine zote. Toa ule ubao, magurudumu yawe sawa. Mimina lita moja na nusu kwa faneli, na faneli usiikandamize kwenye bomba la dipstiki. Iinue kidogo ili hewa ipate pa kutokea, la sivyo oili itarudi juu na kumwagika kwenye kava. Subiri dakika mbili, pima, ongeza kidogo kidogo. Kuna dipstiki inayopimwa ikiwa imekazwa na kuna inayopimwa ikiwa imewekwa tu juu ya nyuzi. Tofauti ya namna hizo mbili inatosha kukuongopea kwa zaidi ya robo lita, kwa hiyo fuata kitabu.

Rudisha waya za plagi, washa, acha injini izunguke polepole nusu dakika huku ukitazama shina la filta na tundu la chini. Zima, subiri dakika tano, pima tena. Kipimo kitakuwa kimeshuka kwa sababu filta imejaa. Ongeza hadi alama ya juu, usiipite. Ikipita, oili inapigwa na krenki hadi inatoa povu, inapandia bomba la kupumulia na kuingia kwenye filta ya hewa, kisha inaungua. Cha kufanya ni kupunguza: vuta kwa bomba kubwa la sindano la wauza dawa za mifugo lililofungwa ule mpira wa levo, kupitia kwenye dipstiki.

Hapo ndipo penye jibu la moshi wako. Moshi ukitoka nje ya ekzosi, juu ya bati lake, na kuisha ndani ya dakika chache, ni oili iliyomwagikia chuma cha moto. Ulipaswa kuifuta kabla ya kuwasha. Ukitoka ndani ya bomba la ekzosi na kuendelea, pima kiwango, kuna uwezekano mkubwa umezidisha. Mkanda uliolowa ufute, uusugue kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, uukaushe kabisa. Ukiendelea kuteleza au ukivimba, badili. Usiusafishe kwa petroli: inaharibu mpira, na jirani yake kuna chuma cha moto. Zege la zamani lisugue kwa sabuni ya unga iliyolowa kidogo, ifunike kwa maranda usiku kucha, ufagie asubuhi. Doa litapungua, ingawa la muda mrefu halitaisha lote.

Wapo wanaonunua pampu ya kunyonya oili kwa juu, kupitia bomba la dipstiki. Kwa mashine yenye bolti iliyojificha nyuma ya fremu naiunga mkono, kwani inaondoa usumbufu wa chini. Lakini inaacha oili kidogo chini ya tumbo, pale tope linapolala, na filta yako itabaki na robo lita yake vilevile. Kama injini ina vali au mpira, hela hiyo nunulia filta.

Njia ya tatu ni kuondoa bolti na kufunga nipo (kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi) yenye koki ndogo. Ni nzuri sana ikifanywa vizuri, ila angalia nyuzi. Injini nyingi za Kimarekani zina nyuzi za bomba za NPT za inchi 3/8, zenye nyuzi 18 kwa inchi. Vifaa vya maji kwenye maduka yetu ya ujenzi ni BSP, kipimo cha Kiingereza, na ya inchi 3/8 ina nyuzi 19 kwa inchi. Itaingia mizunguko miwili ya kwanza kama iliyoumbwa hapo, halafu itakaza, na fundi bomba atavuta spana. Tumbo la injini ni aluminiamu, nyuzi zitakatika. Agiza vali ya kumwagia oili ya injini yenyewe.

Ile oili chafu itie kwenye madumu matupu yaliyokuwa na oili mpya, ukaze vifuniko, uandike «oili chafu». Filta isimamishe uso chini juu ya dumu usiku mzima iishe. Peleka vyote kwenye gereji kubwa inayokusanya oili kwa wanunuzi. Najua wengi huipaka kwenye nguzo na mbao dhidi ya mchwa, na mchwa kweli hukaa mbali kwa muda. Lakini ardhi yenu ni ya mchanga na matumbawe, haizuii kitu. Kinachomwagika juu kinashuka kuelekea kwenye maji ya visima, na kingine mvua inakipeleka kwenye mikoko na ufukweni. Oili iliyotumika ina vitu vinavyosababisha saratani ya ngozi kwa anayeishika mara kwa mara, ndiyo sababu nilitaja glavu.

Yapo mambo manne ambayo hayatatuliwi kwa kubadili oili, na ukiyaona usiwashe injini tena kabla fundi hajaiona. La kwanza, kiwango kimepanda chenyewe na dipstiki inanuka petroli: kabureta inavujisha, na petroli inaingia kwenye silinda hadi tumboni. La pili, oili imekuwa nyeupe kama maziwa: maji yameingia, mara nyingi baada ya kuosha kwa presha. La tatu, oili uliyomwaga inameta, na ukipitisha sumaku inakamata chembe, au kuna vipande vya aluminiamu unavyoweza kuviokota. La nne, nyuzi za tundu la chini zimelegea na bolti haikazi. Kwa yote haya tafuta fundi anayefungua injini ndogo za jenereta na mashine za bustani, siyo wa gari. Mpelekee ile oili yenyewe kwenye chupa inayoonesha ndani, filta uliyoitoa usiitupe ili aikate atazame karatasi, na daftari lako la saa.